Mbuzi Watatu wa Daktari Kitavi

Kavutha Kitheka alipiga chapa neno moja, akalitazama, akalifuta, kisha akalipiga tena. Neno lenyewe lilikuwa "Nimeoa".

Si yeye aliyeoa, jamani, msinielewe vibaya. Ule ulikuwa wasifu wa Daktari Kitavi Nzuki, mhadhiri mwandamizi wa falsafa, aliyekuwa anaomba uprofesa. Kwa miaka kumi na moja Kavutha ndiye aliyempigia chapa kila karatasi, na kila mara alipofika kwenye mstari wa "Hali ya ndoa" vidole vyake viliandika "Sijaoa" bila kuuliza. Vidole huzoea, hata vikiuma. Lakini jana jioni Kitavi alikuwa amempigia simu na kumwambia, kwa ile sauti yake ya chini inayomfanya mtu aibane simu sikioni:

"Hapo kwa ndoa, andika nimeoa."

"Na hujaoa."

"Mahojiano ni Jumatatu. Jumamosi mbuzi watakuwa wamefika kwa mzee wako. Kufikia Jumatatu itakuwa kweli."

"Kumbe wanafalsafa nao husema uongo wa siku mbili?"

"Si uongo. Ni kweli inayokuja."

Kavutha alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye duka lake la kupiga chapa na fotokopi pale Adams Arcade, anayejua kumfokea mteja asiyekuja kuchukua kazi yake, alilala usiku huo akiwa amekumbatia mto kama msichana wa shule.

"Aki Madam, unacheka na kompyuta?" Milcah alimwuliza. Milcah ndiye msaidizi wake, Mluhya wa mdomo mwepesi ambaye hajawahi kufungia wazo ndani.

"Achana na mimi, Milcah."

"Siachani. Leo umependeza tangu asubuhi. Hiyo si lipstiki, hiyo ni mbuzi inaongea."

"Mbuzi watatu," Kavutha alisema, na uso ukamwaka.

"Watatu! Na vile sisi kwetu ni ng'ombe, Wakamba mnajua kupatana bei nzuri."

Milcah alitania, lakini alijua. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo si bei. Mbuzi hao wakishafika kwa baba yako, mmoja akachinjwa na nyama ikaliwa na pande zote mbili, basi umeolewa, hata kama harusi ya kanisani haijaonekana. Wasipofika, unaweza kumzalia mwanamume watoto wanane na kumfulia soksi miaka thelathini, na siku ya msiba ukoo wake ukakuuliza wewe ni nani. Mbuzi watatu tu. Na Kavutha alikuwa amewangoja tangu akiwa na miaka ishirini na saba.

Walikutana dukani hapo hapo. Kitavi aliingia na tasnifu yake ya udaktari iliyojaa marekebisho ya kalamu nyekundu, akasimama kando ya meza yake kumsomea mwandiko wa msimamizi. Siku ya tatu Kavutha alimwuliza, "Hii sentensi inasema nini hasa?" Kitavi akamtazama. Jamani, kuna kutazama na kutazama. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo nje ya darasa. Akavuta kiti, akaeleza mpaka walinzi wakaja kufunga geti. Utafiti wake wote ulikuwa juu ya ahadi. Waswahili wanasema ahadi ni deni. Kitavi alijenga kazi yake yote juu ya kuuliza, deni kwa nani? Na linamshikaje mtu? Kavutha alirudi nyumbani akijiambia kwamba mwanamume anayewaza ahadi mchana kutwa hawezi kuivunja. Ndivyo moyo unavyojidanganya kwa mantiki.

Kuanzia hapo, kalenda ya Kavutha ikawa ngazi za Kitavi. Nikimaliza tasnifu. Akamaliza. Nikithibitishwa kazini. Akathibitishwa. Nikirudi kutoka Ujerumani. Akaenda miaka miwili, akarudi na koti zuri na chokoleti. Nikiwa mhadhiri mwandamizi. Kitabu kikitoka. Kitabu kilitoka, na shukrani zake zilikuwa nusu ukurasa, "kwa K., aliyeandika kila neno." Kavutha aliusoma ukurasa ule mpaka ukalegea.

Mzee Gerishon Kitheka, baba yake, karani mstaafu wa masjala ya serikali, hakuficha alichofikiri.

"Huyo mwalimu wako," alikuwa akisema, "miaka kumi na moja anafikiria mbuzi watatu? Hata ndovu hubeba mimba miaka miwili, kisha akazaa."

Kitavi alipokuja kumwona pale Riruta, mzee alimpa mkono bila kufunga vidole, akamwangalia usoni muda mrefu, kisha akaondoka kwenda kuwatazama kuku. Kavutha aliona haya na kumtetea. "Baba, mtu wa vitabu ana haraka zake." Wachumba wawili walikuja kuuliza, mmoja mwenye lori la mchanga, mwingine mwalimu wa Machakos mwenye heshima zake. Wote aliwarudisha. Mama yake, Nzula, ndiye peke yake aliyekuwa upande wake, na Nzula alifariki miaka sita iliyopita katika hospitali moja ya Upper Hill, kwa saratani ya tumbo.

Sasa yote yalikuwa yamepita. Jumamosi. Keshokutwa.

"Milcah, washa printa kubwa. Nakala sita."

Chuo kilitaka kila mwombaji aambatanishe makala zake tano bora, zote kamili. Kitavi alikuwa ameleta flashi asubuhi na mapema akikimbilia darasa, akaiweka mezani, akambusu paji la uso mbele ya wateja, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Makala nne Kavutha alizijua kama anavyojua jiko lake. Ndiye aliyezipiga chapa. Ya tano hakuijua. Ilikuwa imechapishwa ng'ambo, miaka mitano nyuma. Aliipitia ili kuhakikisha kurasa hazijapishana, hivyo tu. Kazi ni kazi.

Kichwa chake kilikuwa "Ahadi kwa Anayekufa".

"Chukua mfano huu," aliandika Kitavi kwa Kiingereza chake safi. "Mwanamume M na mwanamke K ni wapenzi. Mama yake K yuko wodini, amebakiza siku chache. K ametoka kwenda kununua dawa. M amekaa kando ya kitanda akimmenyea mgonjwa chungwa. Mgonjwa anamshika mkono, anamwomba amwahidi kwamba atapeleka mbuzi wa ntheo kabla ya mwaka kwisha. M, akiwa bado na chungwa mkononi, anasema: naahidi. Siku ya nne mgonjwa anafariki. Je, M amefungwa?"

Kavutha aliketi.

Alilikumbuka chungwa. Alirudi kutoka duka la dawa akalikuta juu ya kabati la kitanda, limemenywa lote, halijaliwa. Mama alikuwa na machozi, na alikuwa anatabasamu. "Sasa naweza kulala," alimwambia. Kwa miaka sita Kavutha aliamini kwamba maumivu yalikuwa yamepungua.

Chini kidogo yalikuwepo maneno yenyewe ya mgonjwa, kwa Kikamba, na tafsiri kando. "Mtoto wangu usimwache njiani." Ilikuwa sauti ya mama yake hasa, na ule mzaha wake wa kumwita mtu mzima mtoto. Ilikuwa imekaa kati ya alama za kunukuu, na namba ndogo ya tanbihi juu yake.

Akaendelea. Ungefanya nini, usiendelee?

"Maneno yanayosemwa kumtuliza anayekufa ni dawa, si ahadi," makala ilimalizia baada ya kurasa kumi na nane. "Aliyeahidiwa akishafariki, hakuna aliyebaki wa kudai. K naye hawezi kudai asichokijua. Kama K anaendelea kungoja, kungoja huko ni kwa hiari yake mwenyewe, na M hana hatia juu yake."

"Madam?" Milcah alikuwa ameshika karatasi za nakala ya sita. "Madam, si uniambie. Nani amekufa?"

"Mama," alisema Kavutha. "Zibaindi zote, zitie majalada. Nazipeleka mwenyewe."

*

Ofisi ya Kitavi ilikuwa ghorofa ya tano ya jengo la kale katikati ya jiji, na dirisha lake lilitazama paa za mabati na kelele za mabasi. Alikuwa anasahihisha mitihani. Alipomwona mlangoni alisimama haraka, akagonga kikombe, akacheka.

"Mbona hukumtuma Milcah? Njoo, njoo ukae. Nilikuwa nakuwaza sasa hivi. Mjomba amepiga simu, ametafuta beberu mmoja mweusi tititi, anasema baba yako akimwona huyo atanisamehe hata dhambi za babu yangu."

Macho yake yalikuwa na ule mwanga. Mungu wangu, alikuwa mzuri akifurahi. Kavutha aliweka nakala sita mezani, akazipanga kingo zikalingana. Alikuwa amejiapia njiani kwamba atazungumza pole pole na kumpa nafasi ya kueleza.

"Kitavi, lile chungwa lilikuwa la nani?"

"Chungwa gani?"

"Ulilommenyea mama."

Alimtazama kwa kutoelewa, akitabasamu bado. Kavutha akafungua nakala ya juu, akaigeuza imwelekee, akaweka kidole.

"Oh," alisema Kitavi. "Hiyo. Hiyo ndiyo makala yangu bora, unajua. Wale wakaguzi wa nje..."

Aliona uso wa Kavutha, na mkono wake ukaenda kwenye miwani, ukaitoa.

"Kavutha, huo ni mfano tu."

"Mfano una jina. Anaitwa Nzula Kitheka. Tulimzika kule Mwingi mwezi wa tisa, ukabeba jeneza, ukalia kuliko ndugu zangu."

"Nilificha majina."

"Ulimficha nani? Wajerumani wanajua, Wamarekani wanajua. Kila mwenye kusoma falsafa duniani anajua mama yangu aliomba nini. Aliyefichwa ni mimi."

Kitavi alizunguka meza. Alitaka kumshika mabega, na Kavutha alitaka ashikwe, hilo nalo liandikwe. Lakini Kavutha alirudi nyuma hatua moja.

"Niambie kwa nini hukuniambia."

"Kwa sababu ungenidai."

"Ndiyo!"

"Subiri, nisikilize. Ungenidai, na ningeleta mbuzi kwa sababu nimedaiwa. Kila asubuhi ungeamka ukijiuliza, huyu yuko hapa kwa kuwa ananipenda au kwa kuwa alimwahidi maiti? Nilitaka nije kwako nikiwa huru, Kavutha. Mtu anayekuja na kamba shingoni hajaja, ameletwa. Sasa nakuja. Hakuna anayenivuta. Huoni kwamba hilo ni kubwa zaidi?"

Alisema kwa moyo wake wote. Hapo ndipo palipouma zaidi, kwamba hakuwa anadanganya. Alikuwa amelifikiria, akalipima huku na huku, akalipenda.

"Ulikuwa unajifungua kamba miaka sita," Kavutha alisema taratibu, "na mimi nimekaa pale Adams napiga chapa."

"Ulikuwa na hiari ya kuondoka. Sikuwahi kukuzuia."

"Hiari! Kitavi, mwalimu wa Machakos alikuja na wazazi wake, nikamrudisha. Ungeniambia siku ile, 'Mama yako aliniomba, nikakubali, lakini sijioni nimefungwa.' Ungesema hivyo tu. Ningelia wiki moja, nikaolewa Machakos, sasa hivi nina watoto wa shule. Nilichagua nini mimi, kama nusu ya habari umeifungia kwenye jarida la Kiingereza?"

Nje honi zililia.

"Ulianza lini kuiandika?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka. Wewe hukumbuka hata tarehe ya tanbihi."

"Novemba," alisema.

"Miezi miwili."

"Nilikuwa na huzuni. Mimi nikiwa na huzuni huandika, unanijua. Sina njia nyingine."

"Na ukaipiga chapa mwenyewe. Kila makala umeniletea mimi, hata ile ya kurasa tisini. Hii moja ukakaa usiku na vidole viwili ukaipiga mwenyewe. Kwa hiyo ulijua, Kitavi. Kurasa kumi na nane unathibitisha huna hatia, na unamficha mpiga chapa wako. Asiye na hatia hujificha?"

Hilo lilimpata. Aliketi juu ya mitihani ya wanafunzi, akazifunika kalamu nyekundu kwa mkono wake kana kwamba zingeanguka. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Daktari Kitavi Nzuki alitafuta hoja akaikosa.

"Basi niambie kitu kimoja," Kavutha alisema. "Ulinificha miaka mitano. Leo asubuhi umeileta mwenyewe kwenye flashi, ukanibusu, ukaenda. Ulitaka niione? Niambie ulitaka niione. Niambie ulichoka kunificha, ukaona kabla ya Jumamosi lazima nijue. Sema hivyo, nitakuamini."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Uongo mdogo tu, wa kupita nao. Angesema "ndiyo," pengine wangekuwa mume na mke leo. Lakini Kitavi alikuwa mtu wa kweli. Ndiyo maana Kavutha alimpenda, na ndiyo iliyommaliza.

"Nilisahau," alisema.

"Ulisahau nini?"

"Nilitazama orodha, nikachagua tano bora. Nilisahau kwamba wewe umo ndani."

Kavutha alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kukubaliana nayo. Kisha alivuta nakala ya kwanza, akafungua ukurasa wa mbele. Akaokota kalamu nyekundu mezani.

"Unafanya nini?"

Alikata mstari juu ya "Nimeoa". Akaandika juu yake, kwa mwandiko wake mzuri wa karani, "Sijaoa". Akachukua nakala ya pili.

"Kavutha, hizo zinaenda kwa jopo! Mwisho wa kupokea ni kesho saa kumi!"

"Najua. Mimi ndiye niliyekuandikia kwenye kalenda."

Ya tatu. Ya nne. Kitavi alinyoosha mkono akaushika mkono wake wenye kalamu, nao wakabaki hivyo, wamekaribiana mpaka Kavutha akasikia harufu ya ile sabuni aliyomnunulia mwenyewe. Macho ya Kitavi yalikuwa mekundu.

"Nakupenda. Hilo hujalipata katika ukurasa wowote, lakini unalijua."

"Nalijua. Ndiyo shida. Ungekuwa tapeli ningekutukana matusi ya soko la Gikomba, nikaenda zangu nikala chips."

"Basi Jumamosi nije. Nakuja kwa hiari yangu, Kavutha. Kwa hiari!"

"Mimi sikutaka wa hiari. Wa hiari akiamka vibaya kesho, anaondoka kwa hiari. Nilitaka mtu anayefungika." Aliutoa mkono wake polepole. "Mama aliona hivyo. Alikuwa hajasoma hata darasa la tano, lakini aliona. Akajaribu kukufunga kwa ajili yangu, na hilo likawa swali lako la utafiti."

Akamaliza ya tano na ya sita. Akazipanga kingo zikalingana, maana kazi yake huwa hamwachii mtu ikiwa vibaya.

"Mbuzi wameshafungwa kwa mjomba," Kitavi alisema nyuma yake, kwa sauti ndogo. "Wazee wameshaambiwa."

"Mwambie awafungulie," alisema Kavutha, na akashuka ngazi zote za ghorofa tano kwa miguu, kwa sababu kwenye lifti angelia mbele ya watu.

*

Saa kumi na moja jioni Riruta ilikuwa na jua bado. Mzee Gerishon alikuwa uani, amekunja mikono ya shati, ananoa kisu juu ya jiwe. Banda la kuku lilikuwa limegawanywa kwa mbao mpya, na upande mmoja umetandikwa nyasi safi. Koti lake la ofisi, lile la siku ya kustaafu, lilikuwa kwenye kamba likipunga upepo.

"Mwaitu!" aliita. Ndivyo alivyomwita daima, yaani "mama yangu", kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi. "Umerudi mapema. Njoo uone. Hapa watakaa watatu bila kusukumana. Nimekata hata majani ya viazi."

"Naona, baba."

"Na Jumamosi nikianza kusema maneno yangu, wewe nikanyage mguu. Nikanyage kwa nguvu. Nimeamua kumpokea vizuri huyo mwalimu wako, nimpe mkono wa kweli. Amechelewa, lakini amefika. Sasa nikatae nini?"

Kavutha aliketi juu ya kigoda, akavua viatu.

"Baba, hawaji."

"Nani?"

"Mbuzi."

Kisu kilisimama juu ya jiwe. "Amesema nini tena?"

"Yeye anataka kuja. Mimi ndiye niliyekataa." Akameza mate. "Mama alimwomba, baba. Wodini, kabla hajafa. Akaahidi kwamba ataleta kabla ya mwaka kwisha. Hakuniambia miaka yote hii. Nimesoma leo, ameandika kwenye makala kwamba haikuwa ahadi."

Alingoja baba yake aruke, agonge kitu, amlaani Kitavi na ukoo wake mpaka kwa babu. Alikuwa tayari hata kumtetea kidogo. Mzee hakuruka. Aliendelea kukitazama kisu.

"Baba."

"Nasikia."

"Ulijua?"

Mzee Gerishon alifuta kisu kwenye suruali, upande huu na upande ule.

"Aliniambia jioni ile ile nilipompelekea uji. Alikuwa na furaha. Alisema, 'Gerishon, kijana ameahidi. Wewe usimkumbushe. Mtu mzima hakumbushwi ahadi. Ukimkumbusha, utakuwa umeitimiza wewe, si yeye.' Akanifanya niape. Mama yako unamjua."

"Kwa hiyo kila alipokuja hapa..."

"Kila alipokuja nilimwangalia usoni nione kama anakumbuka. Nilikuwa naenda kwa kuku kwa sababu nikikaa, mdomo ungenitoka. Mwaka ukiisha nasema, labda huu unaoanza. Juzi aliposema analeta mbuzi, nilimwambia mama yako huko aliko kaburini, 'Nzula, ulikuwa sawa, amekumbuka mwenyewe.'" Alijaribu kucheka, ikatoka kikohozi. "Nilimwambia hivyo, mwaitu. Nilisema kwa sauti."

Kuku mmoja aliingia kwenye banda jipya, akaanza kupekua nyasi. Hakuna aliyemfukuza.

Machozi ambayo Kavutha aliyabeba kutoka ghorofa ya tano, akapita nayo barabara yote ya Ngong bila kumwaga hata tone, sasa yalikuja yote. Hakuyafuta. Alimtazama baba yake, mzee mwaminifu aliyeshika kiapo chake miaka sita bila kuteleza hata mara moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamchukia, kidogo tu, kiasi cha pumzi moja.

"Ungemkumbusha, baba," alisema. "Hata mara moja tu. Mimi ningekubali hata huyo wa kukumbushwa."

Mzee Gerishon aliinama. Akaliokota gazeti la jana kutoka chini, akakiviringisha kisu ndani yake, akatafuta uzi wa kufungia, na mikono yake ikashindwa kupiga fundo.